Kamati ya Jikoni

Kabla hajawa meya, Refa alikuwa refa kweli: mtu wa filimbi na kaptula nyeusi, maarufu mjini kwa penalti ambazo hakuna mwingine aliyeziona. Waliofungwa walimtukana, walioshinda walimnunulia soda, na yeye akajifunza mapema kwamba uamuzi mbaya ukitolewa kwa sauti kubwa, nusu ya uwanja itaushangilia. Kwa elimu hiyo akagombea udiwani, akapata. Akagombea umeya, akapata pia. Siku ya kuapishwa mama yake mzazi alilia kwa furaha, na mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi aliyekuwa ametoka zamu ya usiku kucha, alisinzia kwenye kiti cha mbele akapigwa picha mdomo wazi. Picha ikatoka gazetini. Chini yake waliandika: "Mke wa meya akifuatilia hotuba."

Nyumba yao ilikuwa na sebule ya heshima, makochi yenye vitambaa na saa kubwa ya ukutani, ila tangu Refa achaguliwe sebule haikukalika. Watu walianza kuingia kabla jua halijachomoza vizuri: huyu kafungiwa kibanda, yule anataka kiwanja, mwingine hataki chochote, kaja kusalimia tu mpaka chai itoke. Ndipo mazungumzo ya maana yakahamia jikoni, na pamoja nayo wakahamia watu watatu.

Wa kwanza alikuwa mdogo wake meya, ambaye Muuguzi alimwita shemeji, na mji mzima ukaishia kumwita Shemeji. Alikuwa na kituo cha mafuta na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Wa pili alikuwa Kinyozi, aliyemnyoa Refa tangu enzi ambazo bado kulikuwa na cha kunyoa, na aliyeamini kwamba mtu akishakuachia kichwa chake, yaliyomo ndani nayo amekukabidhi. Wa tatu walimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha popote. Aliingia chuo, akatoka kabla ya mitihani, akabaki na miwani na neno moja, "kimsingi", ambalo alilitumia kama wengine wanavyotumia nyundo.

Walikaa kwenye meza ileile ambayo Muuguzi alikatia vitunguu. Akirudi kutoka kazini, miguu imevimba, anawakuta wamejaza vikombe vyake na kumaliza biskuti zake.

"Karibu, shemeji," Shemeji anamwambia, kana kwamba nyumba ni yake. "Tunamalizia ajenda moja tu, tutakupisha."

Naye anasimama mlangoni na kikapu mkononi, anangoja ajenda iishe ndipo abandike sufuria. Kwenye kigoda karibu na dirisha alikuwa anakaa mama mkwe wake, anachambua mboga, hasemi neno.

Ajenda iliyoharibu mambo ilikuwa ya Barabara Kuu. Magari yalikuwa yamezidi, asubuhi na jioni hayaendi.

"Kimsingi," Profesa alisema akipangusa miwani, "foleni ni magari kukutana. Yasipokutana, foleni inatoka wapi?"

Meya alimtazama kama mtu aliyefunuliwa siri. "Endelea."

"Barabara Kuu iwe ya njia moja. Wote waelekee upande mmoja."

"Na kurudi?" Muuguzi aliuliza kutoka mlangoni.

Wanaume wanne waligeuka kumtazama kama aliyeangusha sahani.

"Kurudi watazunguka," Shemeji alisema upesi. "Kuzunguka kuzuri, shemeji yangu. Kunachangamsha uchumi."

Uchumi wenyewe ulikuwa unapita mbele ya kituo chake cha mafuta. Kinyozi naye akaunga mkono, kwa sharti kwamba kona ya pili ya mzunguko ipitie mtaa wa saluni yake, kwa sababu, alisema, dereva aliyekwama ana muda wa kujitazama kwenye kioo na kuona nywele zake zilivyo. Meya akaweka kikombe chini.

"Penye wazee haliharibiki neno," alisema kwa kuridhika.

"Wazee gani?" mama yake aliuliza bila kuinua macho kwenye mboga. "Mzee humu ndani ni mimi, na sijaulizwa kitu."

Wakacheka wote, wakadhani ni utani wa bibi.

Njia moja ikaanza, na mji ukaanza kuzunguka. Aliyekuwa anavuka barabara kununua mkate akajikuta kwenye mtaa ambao hakuwahi kuusikia. Walimu walichelewa shule, mchinjaji alichelewa na nyama ikachelewa naye. Madereva wakaishiwa mafuta njiani, tena kwa bahati ya ajabu waliishiwa palepale kwa Shemeji. Meya alipoulizwa alisema mabadiliko yoyote mwanzoni huuma kama kiatu kipya.

Kisha Muuguzi akatumwa kwenda na gari la wagonjwa kumchukua mama mmoja kwenye zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Uchungu ulikuwa umembana. Kutoka zahanati geti la hospitali lilikuwa linaonekana, mtu angeweza kumwita mlinzi kwa jina akaitika. Lakini kwenye kona alisimama trafiki, kanyoosha mkono.

"Mzunguke," alisema.

"Afande, huyu anajifungua!"

"Dada, hata mimi ningependa kwenda nyumbani moja kwa moja. Ni amri ya meya. Zungukeni."

Dereva akazunguka. Wakapita saluni ya Kinyozi, wakaingia kwenye foleni ya magari yanayosubiri mafuta, na hapo, kati ya lori la mchanga na pikipiki yenye kuku, mtoto akaamua kwamba yeye amesubiri vya kutosha. Muuguzi alimpokea kwa mikono yake huku wauza maji na karanga wakichungulia dirishani, mmoja akiwauliza kama wanahitaji mifuko. Mama akawa mzima, mtoto akawa mzima, sauti yake kali kama filimbi. Kabla hawajafika hospitali, mtaani walishampa jina. Walimwita Njiamoja.

Mwandishi wa gazeti alimfuata diwani wa sokoni kutaka maoni. Diwani alikuwa na hasira za siku nyingi.

"Sisi madiwani tuliisoma hiyo njia moja kwenye vibao kama wewe," alisema. "Haikupita kwenye kikao. Mji huu unaendeshwa na kamati ya jikoni."

Asubuhi iliyofuata maneno hayo yalikuwa ukurasa wa mbele, herufi nene kama vidole. Msemaji wa halmashauri akatoa ufafanuzi: meya hana kamati ya jikoni, ana "mashauriano yasiyo rasmi katika mazingira ya nyumbani". Watu wakausoma ufafanuzi, wakaona ni mrefu, wakaufupisha: kamati ya jikoni.

Neno likatoka gazetini likaanza kutembea lenyewe. Mume akibadili mawazo, wenzake wanamwambia, "Wewe umetoka kwenye kamati ya jikoni." Fundi akikosea bei, anasema kamati ya jikoni haijakaa. Wanafunzi waliliandika kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu wa nidhamu. Lakini kadiri lilivyotembea, maana yake ilipinda. Waliolianzisha walijua wanawasema wale wanaume watatu. Waliolipokea mwisho walisikia "jikoni" tu, wakajijazia wenyewe nani anakaa jikoni. Muuguzi alianza kuona wanawake wodini wakinong'ona akipita, na akidhani ni mambo ya picha ile ya mdomo wazi, akawasamehe.

Kikao cha madiwani kilipofika, redio ya mji ilikitangaza moja kwa moja. Wodini walikuwa na redio juu ya kabati la dawa. Muuguzi alikuwa anapima joto la mgonjwa aliposikia sauti ya diwani wa sokoni.

"Mheshimiwa Meya, tunaomba kuelimishwa. Hii kamati ya jikoni ni chombo cha namna gani?"

Mwanasheria wa halmashauri akasimama. "Kwa mujibu wa kanuni, kamati ni chombo kilichoteuliwa na kikao hiki, chenye mwenyekiti, katibu na posho. Hicho mnachokitaja hakina posho. Kwa hiyo si kamati."

"Wanapewa chai?"

"Nimearifiwa kwamba wanapewa."

"Na biskuti?"

Mwanasheria alisita. "Na biskuti."

"Basi posho ipo!"

Meza zikapigwa. Diwani mmoja mkongwe akaomba nafasi. "Mimi nijuavyo, halmashauri ni watu waliokusanyika kushauriana. Sasa kama ushauri umehamia jikoni, sisi humu tunafanya nini?" Swali hilo liligusa posho ya kila mmoja, wakalipita kimya kama watu wanaopita karibu na mbwa aliyelala.

Ndipo meya mwenyewe akasimama, na sauti yake ikajaa upole ambao mkewe aliutambua. Ni ule aliokuwa akiutumia zamani baada ya penalti ya uongo.

"Waheshimiwa, nami ni mume wa mtu kama ninyi. Jikoni kwangu wapo watu wawili tu, mke wangu na mama yangu mzazi. Hiyo ndiyo kamati. Walinishauri kuhusu barabara, na mimi kwa mapenzi nikawasikiliza. Kama kumsikiliza mke na mama ni kosa, asiye na kosa asimame! Wana nia njema, waheshimiwa. Ila mambo ya barabara, mnajua tena wenzetu hawa..."

Kicheko kilichofuata kiliitikisa redio juu ya kabati. Kilikuwa kicheko cha wanaume waliosamehe. Wodini hakuna aliyecheka. Muuguzi mwenzake alinyoosha mkono akapunguza sauti taratibu, na mama mmoja aliyekuwa kitandani, amekunja uso kwa uchungu, alipata nafasi katikati ya uchungu kumwangalia juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe, dada," alisema.

Muuguzi alimaliza zamu. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, kwa sababu gari lingezunguka, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alipanga ya kumwambia mumewe, akapanga ya kumwambia baba wa mumewe kaburini. Alipoingia jikoni akamkuta mama mkwe kwenye kigoda chake, redio ndogo miguuni.

"Umesikia, mkwe wangu?"

"Nimesikia, mama."

"Mimi mwanangu nilimlea asiwe mwongo. Nilimchapa kwa ajili hiyo." Bibi aliweka mboga pembeni, akajipangusa mikono. "Basi alichokisema mbele ya watu lazima kiwe kweli. Kamati ni sisi. Nisogezee kiti, kigoda hiki si cha mjumbe."

Muuguzi alimtazama. Yale maneno yote aliyoyapanga njiani yakapoa, na mahali pake pakaja kitu kitamu chenye makali. Akamvutia mama mkwe kiti cha mume wake. Mwenyewe akakaa kwenye kile cha Shemeji.

Jioni wanaume wakaja, wamechangamka. Kikao kilikuwa kimeenda vizuri. Shemeji alitangulia akicheka tayari.

"Kikao kimeanza," Muuguzi alisema. "Wasio wajumbe watusubiri nje."

"Shemeji, acha utani wako."

"Wewe," mama yake alimwambia, "nenda kaangalie kama gari lako lina mafuta."

Profesa alifungua mdomo. "Kimsingi..."

"Kimsingi mlango ni huo," bibi alisema.

Meya aliwafuata wenzake kwa macho mpaka walipotokomea uani, kisha akamgeukia mkewe, akashusha sauti. "Mama watoto, unaniaibisha mbele ya watu. Zile zilikuwa siasa tu. Ilikuwa lazima niseme kitu."

"Na ukasema. Mji mzima unajua mimi ndiye niliyemzungusha yule mama mpaka akajifungulia kwenye foleni. Mimi niliyemshika mtoto!" Sauti ilimpanda, akairudisha. "Sasa chagua, baba. Ama kamati ni sisi, tukae hapa tufanye kazi. Ama si sisi, na kesho nikitoka zamu napitia redioni niwaeleze ni nani na nani, na mafuta yananunuliwa wapi."

Meya alikuwa amewahi kuona mashabiki wakiruka uzio. Alijua wakati wa kukimbia na wakati wa kubadili uamuzi. Akavuta kigoda, akakaa chini kuliko wote.

"Kamati inashauri nini?" aliuliza.

Barabara Kuu ikafunguliwa pande zote mbili. Foleni ikarudi ileile ya zamani na watu wakaipokea kama ndugu aliyetoka safari. Shemeji alikasirika, akaacha kuja kula. Kinyozi alimkata meya sikio, kidogo tu, akasema mashine imeteleza. Wanawake sokoni walimshangilia Muuguzi kwa vigelegele, wakamwita Mwenyekiti, na yeye akakataa mara ya kwanza, mara ya pili akatabasamu.

Hapo ndipo pa kuangalia. Maana watu sasa walijua mlango. Sebule ilibaki tupu, saa ikapiga peke yake, wenye shida wakaanza kupitia uani. Muuguzi aliwasikiliza kwa moyo safi. Alisaidia mjane mmoja kurudishiwa kibanda chake. Bibi naye aliomba taa ya barabarani kwenye kichochoro ambamo rafiki zake walipita kuja kumtembelea, ikawekwa, ikawaka, ingawa mitaa miwili ya pembeni ilikuwa imeahidiwa taa kabla yake. Kila uamuzi ulikuwa mwepesi. Unasema ukikoroga chai, kesho unatendeka. Muuguzi alishangaa kwa nini watu huona serikali ni kazi ngumu.

Wodi ya wazazi ilikuwa haina maji ya uhakika. Walibeba ndoo. Jioni moja akalisema mezani.

"Tangi lipo moja stoo," meya alisema. "Limenunuliwa kwa ajili ya shule ya ng'ambo ya reli. Halijafungwa. Sasa kati ya wodi na shule, kipi kitangulie?"

"Wodi," alijibu. Hakufikiri, na hakuona kwamba hajafikiri. Angefikiri nini? Alizijua ndoo zile kwa mgongo wake. Ng'ambo ya reli hakuwahi kufika, na asiyekuwepo na lake halipo. Tangi likafungwa hospitali, maji yakatoka, wauguzi wenzake wakamkumbatia.

Baada ya wiki chache akaja wodini mwanamke mtu mzima kumwona binti yake aliyejifungua. Alimpakata mjukuu, akamrudisha, akaenda kunawa. Akaacha maji yatiririke kidogo kwenye vidole vyake.

"Maji mazuri," alisema. "Tunayajua. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya reli."

Muuguzi alimnyooshea taulo. "Mwalimu, suala lile lilijadiliwa."

"Na nani?"

"Na..." Neno lilikuwa pale mdomoni, lile lile la gazetini, na hakuweza kulitoa. "Wodi ilikuwa na shida kubwa sana, mwalimu. Kina mama walikuwa..."

"Sikatai. Huenda hata sisi wenyewe tungewapa. Tungeulizwa, lakini." Mwalimu alifunga bomba kwa uangalifu. "Watoto wangu wanakuja shule na vidumu kichwani. Tulimtuma diwani wetu aulize, akarudi akasema limeamuliwa jikoni. Na siku ile mlipowafukuza wale wanaume, mama, sisi tulishangilia kuliko wote. Tulidhani mnafunga mlango ule. Kumbe mlikuwa mnabadilishana viti."

Alisema bila hasira. Kisha akamwuliza lini binti yake ataruhusiwa, na akamshukuru kwa kumhudumia vizuri.

Muuguzi hakula siku ile. Alijitetea moyoni kwa kila namna: hakuchukua chochote kwenda nyumbani, hakumpa ndugu yake kazi, tangi linaosha watoto wachanga. Yote yalikuwa kweli na hayakumsaidia. Shemeji naye, akiulizwa, angesema magari yalihitaji mafuta.

Jioni aliwakuta mama na mwana mezani, wanajadili mabati ya soko.

"Najiuzulu," alisema kabla hajaweka kikapu. "Kamati ivunjwe. Na kikao kijacho cha madiwani nitakuja kama mwananchi, nisimame mbele ya redio, niombe tangi la shule ile na niseme tulilichukua namna gani."

Uso wa meya ulipitiwa na mawingu mengi, mwisho ukatoka jua. "Utasema unavyotaka, mama watoto, sikuzuii. Basi kama kamati imevunjwa, niwaite vijana wangu warudi?"

"Vijana gani?" mama yake aliuliza. "Amejiuzulu yeye. Mimi nimejiuzulu lini?"

Na hakujiuzulu. Muuguzi alikwenda kwenye kikao, akasema mbele ya mji mzima kwamba tangi lilichukuliwa kwa neno lake, akizomewa na nusu ya ukumbi na kupigiwa makofi na nusu nyingine, akarudi kazini. Madiwani walijadili tangi jipya kutwa nzima, wakaahirisha, wakalijadili tena, wakalipana posho ya kulijadili, mwisho wakalinunua. Jikoni, bibi aliendelea peke yake. Shemeji, ambaye pua yake haikuwahi kukosea madaraka yalipo, alirudi na mfuko wa sukari, akapiga magoti, akaambiwa hoja yake itasikilizwa baada ya ya Profesa.

Siku ya kufungua bomba la shule walikata utepe, wanafunzi wakaimba, na meya akahutubia. Aliwashukuru madiwani, wataalamu, washirika na jua. Muuguzi alisimama nyuma kabisa na mwalimu mkuu, wakishika mwavuli mmoja, hawaongei sana lakini hawakuachana. Mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, alikaa bibi. Mwandishi wa gazeti aliinama karibu naye.

"Bibi, watu wanasema wewe ndiye unayemshauri meya."

"Mimi?" bibi alisema. "Mimi huwa nachambua mboga tu, mwanangu." Kisha akageuka kuelekea jukwaani. "Wewe! Jua kali, watoto wana kiu. Hotuba imetosha, kaa chini."

Naye akakaa.